Shamba la Mjomba, Kichuguu cha Mama Mkubwa

Mume wangu Erasto ni mtu wa Rungwe, na ukitaka kumfahamu haraka mwulize habari za udongo. Kwao, anasema, ukichomeka mpini wa jembe ardhini jioni, asubuhi umeshatoa majani. Amefundisha sayansi huku Masasi tangu binti yetu Ursula hajazaliwa, na miaka yote hiyo hajausamehe mchanga wa Lupaso. Huuchota kiganjani, huuacha umwagike katikati ya vidole, halafu hunitazama utafikiri mimi ndiye niliyeuleta.

Pamoja na manung'uniko yake, ameamua kubaki. Akistaafu hatutahamia Rungwe. Tutakaa hapa Lupaso, kwa watu wangu, na yeye ndiye aliyeamua. Kwa hiyo Mjomba Alfredi alipougua miguu na kuhamia Mkomaindo, mjini Masasi, awe karibu na hospitali, alituita akatupa shamba lake. Alisimama ukingoni akanyoosha fimbo: kutoka mkorosho ule mpaka barabarani, kutoka barabarani mpaka kile kisima kilichokauka. Erasto alishukuru kwa mikono miwili. Nami nilikuwepo, na sikuona kwamba kuna neno lililosahaulika.

Katikati ya shamba hilo kulikuwa na kichuguu. Kilikuwa kirefu kupita mtu na kinene kama jiko la nje, na mvua zikianza mlenda pori ulikuwa unaota mgongoni mwake kabla haujaota mahali pengine popote. Kichuguu kile kilikuwa cha Mama Veridiana, dada mkubwa wa marehemu mama yangu, ambaye mimi namwita mama mkubwa.

Kwetu shamba lina mtu wake na kichuguu kina mtu wake. Bibi alipogawa alichokuwa nacho, shamba alimpa Alfredi na kichuguu akampa Veridiana, maana Veridiana ndiye aliyekuwa na watoto wadogo, na kumbikumbi watokao humo ni kitoweo. Tangu siku ile mama mkubwa akitaka kwenda kwenye kichuguu chake alikatiza shambani kwa kaka yake bila hodi. Udongo wa kusiriba nyumba alichota pale, kando kando, bila kukiumiza. Mwanamke mwenye mimba akitamani kula udongo, aliambiwa akaombe kwa Mama Veridiana kwanza. Haya yote hakuna aliyemwambia Erasto. Si kwamba tulimficha. Nani huanza kumweleza mtu mzima kwamba mlango wa jirani ni wa jirani?

Mwaka juzi, kiangazi kikielekea ukingoni, Ursula alijifungua kule Newala anakofanya kazi, nikaenda kumhudumia mpaka arobaini ipite. Newala pana baridi nzuri na ukungu wa asubuhi, na bonde la Ruvuma unaliona lote kule chini. Ila maji ni mtihani. Yaliyomwogesha mtoto yalifua nepi, yaliyofua nepi yalideki sakafu, na yaliyodeki sakafu yalimwagilia mchicha. Nilipopanda basi la kurudi nilikuwa na hamu ya kumwaga maji ovyo japo mara moja.

Nilishukia Masasi nikapitia Mkomaindo kumjulia hali mjomba. Nilimkuta barazani, miguu ameipumzisha juu ya kigoda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Mtoto mmempa jina gani?"

"Evelina."

"Jina zuri. Sasa sikiliza, Theodora. Mvua zikikaribia, mwambie mwalimu amkatie dada matawi ya kufunikia kichuguu. Mgongo wake si wa kukata matawi tena."

Nikasema mwalimu atafurahi.

Erasto alinipokea barabarani, na kabla hata ya kuuliza mjukuu amefanana na nani, akaniambia kuna kitu anataka nikione. Tuliacha mizigo kwa jirani yetu Pili, tukaenda shambani. Nilipofika pale ukingoni niliona mbali kuliko nilivyozoea kuona, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Kichuguu hakikuwepo. Palibaki duara la udongo mgumu, limesawazishwa kama sakafu, na shamba zima limetandazwa udongo mzito wa rangi ya kahawa. Hapakuwa na bua moja la msimu uliopita wala jani moja kavu. Vyote vilikuwa vimefagiliwa na kuchomwa moto. Shamba lilikuwa safi kama uwanja wa shule.

"Mchwa wamefanya kazi kwa ajili yetu miaka mingi," Erasto alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya darasani. "Wamepandisha udongo wa chini, chembe kwa chembe. Una mfinyanzi, una chumvichumvi, unashika maji. Nimeutia kwenye chupa ya maji nikautikisa mbele ya wanafunzi, na mchanga wetu kwenye chupa nyingine. Wameona wenyewe tofauti. Halafu mali yote hiyo imekaa mahali pamoja, imerundikana bure."

Nilikaa juu ya kisiki.

"Baba Ursula, ulimwuliza nani?"

"Kwani shamba si tulipewa?"

"Shamba tulipewa," nikasema. "Kichuguu hatukupewa."

Nikamweleza. Nilimwona akisinyaa polepole, na nakiri nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikumwonea huruma bado.

Mengine nilielezwa na Pili. Nasibu na vijana wenzake, vibarua aliowaita Erasto, walikuwa wamefika na sururu asubuhi, wakakikatakata kichuguu mpaka jioni. Mama mkubwa alitokea na ungo wake na kijembe kidogo, amekuja kuchota udongo wa kusiriba nyumba kabla ya mvua. Akasimama. Akauliza, "Mmemaliza?" Nasibu akajibu kwamba bado kumfukua malkia. Akageuka akarudi na ungo mtupu. Na malkia mwenyewe hakufukuliwa, maana giza liliwakuta, kesho yake ilikuwa Ijumaa vijana wakaenda msikitini, na Jumamosi wari walikuwa wanatolewa unyagoni, ngoma inalia, hakuna aliyekumbuka sururu.

Jioni ileile nilimpeleka Erasto kwa mama mkubwa. Alikuwa mlangoni anachambua mbaazi. Erasto akainama.

"Shikamoo mama."

Mama mkubwa alimtazama bila chuki yoyote. Kisha akanigeukia mimi. "Theodora, mtoto wa Ursula ana afya?"

"Ana afya, mama."

"Mungu ashukuriwe."

Erasto alikuwa bado ameinama, anangoja. Wanaoamkiana wanajua mtu hujisikiaje. Shikamoo isiyoitikiwa haikuruhusu kwenda. Unabaki pale na kichwa chako chini kama mtu aliyesahaulika kwenye foleni. Mwishowe akanyanyuka mwenyewe akasema kwamba amekosa, hakujua, anaomba radhi.

"Mwambie nimesikia," mama mkubwa aliniambia mimi, akaendelea na mbaazi zake.

Kesho yake nilimpigia simu mjomba nikamwomba aseme na dada yake. Nikasikia watu wakipita barazani kwake. "Mimi nilitoa shamba," akasema. "Kichuguu si changu. Nitasameheje kwa niaba ya mwenye mali?"

Hapo ndipo mume wangu alipoelewa ukubwa wa jambo lenyewe. Kwetu mwanamume hukaa upande wa mkewe kwa kukubaliwa na mama wa ukoo, na mama wa ukoo wetu sasa ni Veridiana. Kama yeye hakuitikii, unaweza kujenga nyumba ya matofali, ukachimba choo, ukapanda mikorosho, na bado ukawa mgeni anayesubiri basi. Erasto alikuwa ameikataa Rungwe kwa ajili ya mahali hapa. Hakuwa na kwingine.

Nyumba ya mama mkubwa iko kwenye njia ya shule. Kila alipopita kwenda kufundisha, Erasto alisimama akamwamkia. Kila mara mama mkubwa alimtazama akanyamaza. Wanafunzi wakaanza kupunguza mwendo mahali pale ili wasikie kama leo itajibiwa. Nilimwambia apite njia ya nyuma, ajiondolee aibu. Akasema mtu mkubwa haamkiwi kwa sababu anajibu, anaamkiwa kwa sababu ni mkubwa.

Mvua zikaja. Tukapanda mahindi, na lazima niseme ukweli: kuhusu udongo Erasto alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mahindi yalitoka ya kijani kilichokolea, majani mapana, wakati ya jirani kwenye mchanga mtupu yalikuwa ya manjano na yamejikunyata. Watu walipita wakayasifu. Erasto aliinamisha uso kila yaliposifiwa, kama mtu aliyevaa shati la wizi.

Kisha, mahindi yakiwa yanakaribia kubeba, yakaanza kuanguka. Asubuhi unakuta mmea umelala, shina limetafunwa pale pale kwenye ardhi na kufunikwa udongo mbichi. Walikuwa ni mchwa. Walikuwa hawajafa, walikuwa wametawanyika chini kwa chini, na sasa walikuwa wanakula shamba.

Erasto alikwenda Masasi akarudi na chupa ya dawa. Alielekezwa achimbe shimo katikati ya lile duara gumu, amimine, mpaka malkia afe, na kundi lote litakufa baada yake. Aliiweka chupa dirishani. Tulikula ugali tukiwa tunaitazama.

"Nikimimina, mahindi yanapona," akasema.

"Yanapona."

"Na kichuguu ndiyo basi tena."

"Ndiyo basi. Utamwamkia mama mkubwa mpaka uzikwe." Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nampenda mama mkubwa na nampenda yeye, na nilikuwa nimechoka kukaa katikati.

Hakumimina siku ile. Kesho yake alikuwa na kipindi cha nje, akawapeleka wanafunzi kwenye msitu wa kijiji, kule chini ya kilima. Aliporudi aliketi jikoni pamoja nami, jambo ambalo hulifanya akiwa na neno linalomchoma.

"Mama Ursula, kule msituni kuna vichuguu vikubwa kuliko kile. Juu yake imeota miti ambayo huioni mahali pengine, minene, na kivuli chake ni kizito. Nimejiuliza, mbona mchwa wa kule hawaangushi miti?"

"Umepata jibu?"

"Wana majani. Msitu unadondosha majani makavu na matawi mwaka mzima, wao wanakula vilivyokufa. Huku kwetu mimi nilichoma kila kitu. Niliwavunjia nyumba, nikawafagilia chakula, nikawaachia mahindi mabichi peke yake. Hata ningekuwa mimi ningekula mahindi."

Jioni hiyo alifunga magunia nyuma ya pikipiki akaenda kukusanya majani makavu chini ya mikorosho ya mjomba, na nyasi kavu za kando ya barabara, na maganda ya mbaazi, akayatandaza katikati ya mistari ya mahindi na kurundika mengine kwenye lile duara. Akarudia kesho yake. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wengine wananunua dawa ya kuua mchwa, yeye anawapelekea chakula na pikipiki. Wakambandika jina: Mlisha Mchwa. Alipopita sokoni aliitikia jina hilo bila kununa.

Mahindi kadhaa bado yalianguka. Mengi yalisimama. Tuliinua majani yale makavu tukakuta mchwa wamejaa chini yake, wanashughulika, hawana habari na mashina. Chupa ya dawa alimrudishia mwenye duka, ambaye naye alikuwa ameshasikia lile jina.

Tulipovuna mahindi mabichi, Erasto alichagua yaliyonona akampelekea mama mkubwa mwenyewe, nami nikimbebea kikapu. Akaamkia. Akanyamaziwa. Mama mkubwa alipokea kikapu kutoka mkononi mwangu, akasema chakula hakina kosa, akaenda kuyachoma. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimemshika Erasto mkono hadharani, kama wachumba, na Pili akatuangalia mpaka tukapotea.

Kiangazi kikaanza tena. Asubuhi moja Erasto alikuwa shambani na kikombe chake cha chai mkononi, akaniita kwa sauti ya chini, kama unavyomwita mtu ukiwa na mtoto aliyelala. Katikati ya duara, kwenye ule udongo mgumu usioota hata jani, palikuwa na tope bichi. Lilikuwa dogo, kama uji uliomwagika na kuganda. Asubuhi iliyofuata lilikuwa limeongezeka.

Kuanzia hapo nilikuwa na mke mwenza. Erasto alikwenda kukiangalia kichuguu hicho kinachoinuka kabla ya kunywa chai, na baada ya shule alikwenda kukiangalia tena. Alizungushia miiba mbuzi wasipande. Kuna siku kilifika magotini akaja kuniambia kama vile Ursula amefaulu mtihani. Nilimcheka, halafu nikageuka kuweka kuni sawa, maana nilikuwa nalia kidogo. Huyu ndiye niliyeolewa naye, nikawaza. Akikosea anakosea kwa sururu, na akitengeneza anatengeneza kwa magunia ya majani.

Mama mkubwa hakuja kukiona. Najua alikuwa na habari, kwa sababu Lupaso hakuna mtu asiye na habari. Ila hakukatiza shambani.

Mvua ya kwanza ya msimu, mwishoni mwa mwaka jana, ilinyesha mchana, nzito na fupi, kisha jua likatoka na ardhi ikaanza kunukia. Erasto alikwenda mbio shambani. Nilipomfikia alikuwa amechutama. Ubavuni mwa kichuguu palikuwa pametobolewa vijilango vyembamba, vimelowa, na askari wa mchwa wenye vichwa vikubwa wamesimama mlangoni wakilinda. Kumbikumbi walikuwa ndani wakingoja jioni.

"Lete ungo," nikasema. "Lete ndoo, tuwafunike kabla hawajaruka."

Akatikisa kichwa. "Si wetu."

Akanyanyuka akaenda, nami nikamfuata. Mama mkubwa alikuwa ndani. Erasto akasimama nje ya mlango.

"Shikamoo mama. Kichuguu chako kimefungua milango."

Kisha tukasikia sufuria ikigongana na sufuria, na mama mkubwa akatoka na ungo kichwani na chungu kwapani, akapita katikati yetu akashika njia ya shambani. Hakupiga hodi. Alikatiza moja kwa moja, kama zamani.

Erasto alikata matawi. Mama mkubwa alimwonyesha kwa kidole mahali pa kuchomeka fito, akazikunja juu ya kichuguu, wakazifunika kwa majani mpaka ndani pakawa giza, wakaacha tundu moja upande wa machweo. Chini ya tundu akafukia chungu, mdomo sawa na ardhi. Kisha akanipa vijiti viwili nigonge udongo taratibu, wasikie kama mvua. Tulikuwa tunafanya hivyo nikiwa msichana. Nilikuwa nimesahau jinsi kugonga kule kunavyomtuliza mtu.

Wakatoka. Kwanza wachache, wanatambaa na mabawa yao marefu, kisha kundi, wanafuata mwanga wa tundu na kudondoka chunguni. Hawakuwa wengi. Zamani kichuguu kile kilijaza vyungu mpaka tukawapa majirani. Safari hii chungu kilifika nusu tu. Mama mkubwa aliingiza mkono, akachota, akawatazama. Alimwaga kiasi kwenye ungo akaanza kupepeta, na mabawa yakaruka na upepo wa jioni na kumwangukia Erasto begani.

Erasto alikuwa amesimama kando, hajui kama abaki au aondoke. Kwa kukosa la kufanya, akainama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe."

Niliacha kugonga. Erasto hakunyanyuka, nadhani hakuamini masikio yake.

"Marahaba," mama mkubwa akasema tena, huku akipepeta. Akageuza ungo upande wa pili. "Marahaba."

"Mama," Erasto akasema, "nimekuamkia mara moja tu."

"Na zile za nyuma nimpe nani?" Mama mkubwa alisogea akamwachia nafasi kwenye mchanga. "Chutama hapa, ushike ungo. Ni nyingi, na giza linaingia. Marahaba."

Erasto akachutama akashika ungo kwa mikono miwili. Mama mkubwa aliendelea kuchota kumbikumbi chunguni na kumwagia, na kila alipomwaga alisema marahaba, naye akaitikia kwa kichwa.